Udugu wa Nyigu na Udugu wa Binadamu

Waalimu wa maadili, wanapotaka kuwahimiza watu juu ya umoja na bidii, tangu zamani wamezoea kutoa mfano wa nyuki na wa sisimizi. Jambo hilo halishangazi. Katika Kurani Tukufu imo Sura ya 16 iitwayo An-Nahl, yaani Nyuki, na imo Sura ya 27 iitwayo An-Naml, yaani Sisimizi. Nyigu hakupata heshima kama hiyo. Kwetu husifiwa kwa jambo moja tu, wembamba wa kiuno chake. Baada ya hapo hutajwa pale mtu anapotafuta kijinga cha moto cha kumfukuzia chini ya paa.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, ziko sababu mbili za kumtazama nyigu kwa makini. Ya kwanza ni kwamba nyuki na sisimizi wenyewe wametokana na ukoo wa nyigu. Wataalamu wa viumbe wameonyesha kwamba zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita baadhi ya nyigu wawindaji waliacha nyama wakaanza kuwalisha watoto wao chavua ya maua. Wazao wao ndio nyuki. Sisimizi nao walichipuka katika shina lilo hilo la nyigu wenye mwiba, wafanyakazi wao wakapoteza mabawa na kuishika ardhi. Hivyo tunapomsifu nyuki twamsifu mjukuu na kumsahau babu.

Sababu ya pili ni kwamba kwa nyigu hatua zote za maisha ya ujamaa zingali hai mbele ya macho yetu, kuanzia yule aishiye peke yake mpaka yule aishiye katika mji wa wakazi zaidi ya milioni moja. Mtu atakaye kujua udugu hutoka wapi na hufika wapi atapata hapa mengi ya kutafakari.

Na swali hilo si la mchezo. Lamgusa kila mtu, lakini lamgusa zaidi yule aliyebadili dini au anayefikiri kuibadili. Mtu huyo hujua maana ya kurudi kwa jamaa zake akakuta salamu zimepoa, na hujua pia maana ya kuitwa ndugu na watu ambao jana hakuwajua. Upande mmoja humwambia kwamba damu ni nzito kuliko maji. Upande wa pili humwambia kwamba waumini wote ni ndugu. Nani msema kweli? Je, udugu usio wa damu ni udugu hasa, au ni neno la adabu tu?

Kutoka upweke hadi mji

Nyigu wengi duniani huishi peke yao. Katika aina nyingi jike hujenga chungu kidogo cha udongo, kama vile tuvionavyo kwenye kuta za nyumba zetu. Huwinda viwavi, huwachoma kwa mwiba wake ili wapooze bila kufa, huwapanga ndani ya chungu pamoja na yai lake, huziba mlango, kisha huenda zake. Aghalabu hufa asimwone mwanawe. Amemtimizia kila haja yake, lakini haiko siku watakayokutana.

Hatua ya pili ni ya mama anayekaa. Badala ya kujaza chakula na kuziba mlango, humlisha buu wake siku kwa siku, na kwa njia hiyo mama na mwana hukutana. Hatua ya tatu ni ya binti aliyekua asiondoke, bali akabaki kiotani kumsaidia mamaye kuwalea wadogo zake. Kutokana na kubaki kwa binti huyo yalizaliwa maisha yote ya ujamaa tuyaonayo kwa nyigu.

Katika Asia ya joto, tangu India hadi New Guinea, wako nyigu wembamba waitwao Stenogastrinae, ambao huelea hewani kana kwamba wametundikwa. Kiota chao aghalabu hakizidi wakazi 10. Hapa Afrika tunaye Belonogaster, mwenye kiuno kirefu, ambaye huning'iniza sega lake la kijivu chini ya paa bila kulifunika, na mara nyingi majike kadhaa hukianzisha kiota pamoja. Katika Brazili yuko Agelaia vicina, ambaye katika kiota chake kimoja wamepata kuhesabiwa nyigu zaidi ya 1,000,000. Wote hao ni wa ukoo mmoja mkubwa uitwao Vespidae, na ndani ya ukoo huo huo wamo pia wale wapweke wa vyungu vya udongo.

Wengi wa nyigu hao wa ujamaa hujenga kwa karatasi waitengenezayo wenyewe, kwa kutafuna nyuzi za miti na kuzichanganya na mate. Mwaka 1719 mwanachuoni wa Kifaransa, Réaumur, aliwaeleza wenziwe kwamba nyigu hufanya karatasi kwa mti, wakati ambapo Ulaya ilikuwa ikiifanya kwa matambara. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla wanadamu hawajaanza kuifanya karatasi ya mti kwa wingi. Msomaji na aliweke jambo hili la karatasi akilini, maana tutalihitaji baadaye.

Jinsi walivyoenea duniani

Kundi kubwa la nyigu wa ujamaa, liitwalo Polistinae, lina aina karibu 1,000, na maskani yao hasa ni nchi za joto. Polistes wameenea katika kila bara isipokuwa Antaktika. Ropalidia wako Afrika, Madagaska na India, mpaka Australia. Polybioides wana habari ya ajabu: wako katika misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, India hawako kabisa, kisha wanaonekana tena katika misitu ya kusini-mashariki ya Asia, mfano wa ukoo uliogawanyika na jamaa wa katikati wakafa wote. Nyigu waitwao Epiponini, ambao huhama kwa makundi kama nyuki, malkia kadhaa wakifuatana na wafanyakazi wao, ni wa Amerika peke yake. Mavu wakubwa wa jamii ya Vespa ni wa Asia na Ulaya. Katika Afrika asili yao haivuki sehemu za kaskazini na za pembe ya mashariki.

Walikuwako wataalamu waliodhani kwamba desturi ya kiota kuwa na malkia mmoja ilizaliwa na majira ya baridi kali. Uchunguzi wa ukoo wa Polistes uliotangazwa mwaka 2015 na Santos, Carpenter na wenzao uliipinga dhana hiyo, ukaonyesha kwamba ukoo huo ulianzia katika mazingira ya joto. Ulionyesha pia kwamba Polistes waliingia Amerika kutoka Asia, na kwamba wote walioko Amerika leo, hata wale wa kaskazini kwenye theluji, ni wazao wa shina lililokaa Amerika ya Kusini.

Kadhalika liko swali kwamba ujamaa ulizaliwa mara ngapi. Mwaka 1982 Carpenter, kwa kulinganisha maumbo ya miili, alitoa rai kwamba katika ukoo huu ulizaliwa mara moja tu. Mwaka 2007 Heather Hines na wenzake, kwa kulinganisha chembe za urithi, walionyesha kwamba ulizaliwa mara mbili mbalimbali: mara moja kwa wale Stenogastrinae wa Asia, na mara nyingine kwa wengine wote. Hata desturi ya kuhama kwa makundi ilizuka Amerika peke yake, na katika nchi za Afrika na Asia peke yake. Habari hizi zina uzito kwa swali letu. Jambo lililotokea mara moja mtu aweza kuliita bahati. Lakini lile lizukalo tena na tena, mahali mbalimbali, laonyesha kwamba katika maumbile iko njia ielekeayo kwenye kusaidiana.

Ziko pia safari ambazo nyigu hawakuzifanya, bali walifanyiwa na sisi. Mnamo mwaka 1945 malkia wa nyigu wa Ulaya, Vespula germanica, waliingia New Zealand ndani ya makasha ya vipuri vya ndege. Mwaka 1974 nyigu wa aina hiyo hiyo walionekana Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini. Mwaka 2004 mavu wa Asia, Vespa velutina, waligunduliwa Ufaransa, na uchunguzi wa urithi umeonyesha kwamba yaelekea walioenea huko walitokana na malkia wachache mno, pengine mmoja tu. Mavu hao huvizia mbele ya mizinga na kuwakamata nyuki warudipo kutoka mauani. Ni nani mwenye lawama? Mavu hakutenda ila alivyoumbwa kutenda. Aliyepakia shehena bila kuikagua ndiye awezaye kuulizwa. Basi tofauti ya kwanza imekwisha kudhihirika: nyigu ana tabia, lakini mwanadamu ana dhima.

Hesabu ya damu

Sasa na tuulize: kwa nini binti alibaki kiotani? Kwa nini kiumbe aache kuzaa, atumie uhai wake kulea watoto wa mwingine? Mwaka 1964 mtaalamu wa Kiingereza, William Hamilton, alitoa jawabu lililogeuza elimu ya viumbe. Alisema kwamba tabia ya kusaidia yaweza kuenea kizazi kwa kizazi iwapo faida apatayo yule anayesaidiwa, ikipimwa kwa kiasi cha ujamaa wa damu, inazidi hasara ya yule anayesaidia. Kwa maneno mengine, amsaidiaye ndugu yake husaidia pia sehemu ya urithi wake mwenyewe iliyomo ndani ya ndugu huyo.

Kwa nyigu hesabu hiyo ina jambo la pekee. Dume hutoka katika yai lisilorutubishwa, hana baba. Kwa sababu hiyo mabinti wa mama mmoja na baba mmoja hushirikiana robo tatu ya urithi wao, ilhali jike na binti yake mwenyewe hushirikiana nusu tu. Ikiwa ni hivyo, kumlea dada kwaweza kuleta faida zaidi kuliko kumzaa binti. Watu wengi walipoisikia hesabu hiyo waliishika kama nyundo ya kuvunjia kila kitu. Walisema: basi wema haupo, pana hesabu tu, hata mama na mwanawe ni wafanya biashara.

Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Huko Bangalore, India, Raghavendra Gadagkar alitumia miongo mingi akimchunguza Ropalidia marginata, na mwaka 2001 alitangaza kitabu juu ya maisha ya nyigu huyo. Aligundua kwamba viotani mwao ule ujamaa wa robo tatu haupatikani, kwa kuwa malkia hupandwa na madume zaidi ya mmoja, na tena malkia hubadilika mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo hubaki pamoja na kusaidiana. Malkia wao ni mpole. Akiondoka, mmoja wa wafanyakazi hushika mahali pake, na wengine humkubali. Gadagkar alieleza sababu nyingine nzito ya kubaki pamoja. Jike aliye peke yake akifa kabla mabuu hayajakua, kazi yake yote hupotea. Aliye na wenziwe akifa, kazi aliyoianza humalizwa na wengine.

Hivyo hata kwa nyigu damu si habari yote. Kuna damu, kuna pia hatari ya upweke, na kuna manufaa ya kuwa na mtu wa kuimaliza kazi yako. Anayesema kwamba kila udugu ni damu tu hajamsoma hata nyigu mpaka mwisho.

Mlinzi wa mlango

Baada ya kusema hayo, yatupasa tuseme na upande wa pili, maana mwenye kutafuta haki hachagui ushahidi umpendezao.

Udugu wa nyigu una mlango, na mlangoni pana mlinzi. Mwili wa kila nyigu umepakwa utando mwembamba wa mafuta wenye harufu ya kiota chake. Uchunguzi wa Polistes umeonyesha kwamba nyigu aliyetoka tu katika kijumba chake hujifunza harufu hiyo kwa sega alilozaliwa ndani yake. Tangu hapo, arudiye na harufu hiyo hupokewa, na mgeni wa harufu nyingine aghalabu husukumwa, huumwa au hufukuzwa. Hakuulizwa amekuja kwa nia gani. Alinuswa tu.

Ni kweli kwamba mlango huo haufungwi daima. Mwaka 2007 Seirian Sumner na wenzake walitangaza habari za Polistes canadensis wa Panama, ambao walibandikwa vidude vidogo vya redio ili safari zao zijulikane. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi hao walionekana wakitembelea viota vingine na kusaidia huko. Twaweza kufurahi kwa habari hiyo, lakini tusizidishe furaha: viota walivyovisaidia ni vya jirani, ambamo wamo jamaa zao. Mlango umepanuliwa, haukuondolewa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huruma ya kiota ni ya namna hiyo, ni huruma ya kujuana.

Tena mlinzi huyo aweza kudanganywa. Katika Ulaya yuko nyigu aitwaye Polistes sulcifer, asiyejenga kiota wala kuzaa wafanyakazi. Jike lake huvamia kiota cha Polistes dominula, humshinda malkia, na baada ya muda mfupi mwili wake huchukua harufu ya kiota kile. Kuanzia hapo wafanyakazi humtii na kuwalea watoto wa mnyang'anyi kana kwamba ni wadogo zao. Hili ni onyo kubwa. Udugu unaopima harufu peke yake humfukuza mwema aliye mgeni, na humtawaza mwovu aliyejipaka mafuta ya nyumbani.

Maswali matatu na majibu yake

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa maisha ya nyigu yalijengeka hatua kwa hatua kwa kanuni za maumbile, je, hapo kazi ya Mwenyezi Mungu iko wapi? Jawabu ni kwamba kujua njia ya kazi si kumkana mfanyaji. Waganga waweza kutueleza siku kwa siku jinsi mtoto anavyokua tumboni kwa miezi tisa, wala hakuna muumini aliyeacha kumshukuru Mungu kwa mtoto kwa sababu waganga wamejua. Lililokua katika mamilioni ya miaka halina upungufu wa hekima kuliko lililokua katika miezi tisa.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mtu aweza kusema: Ikiwa upendo, hata wetu sisi, ulianzia katika damu na manufaa, je, si uongo kuuita wema? Hapa ndipo ile karatasi ya nyigu itakapotusaidia. Karatasi hutoka katika mti uliotafunwa. Je, barua ya mzazi kwa mwanawe aliye mbali hukosa thamani kwa sababu karatasi yake ilikuwa gogo? Asili ya kitu hutueleza kimetoka wapi. Haitupi hukumu ya kilichoandikwa juu yake. Inawezekana kabisa kwamba uwezo wetu wa kuhurumia ulianza na mama aliyekataa kuuziba mlango na kwenda zake. Hilo si aibu. Aibu ni kupewa karatasi na kuiacha tupu, au kuandika juu yake jina moja tu, jina la nyumba yetu.

Swali la tatu ni hili: Kwa nini basi tusiyafuate maumbile yenyewe, ikiwa yana mafunzo mema? Jawabu ni kwamba maumbile ni ishara, siyo kadhi. Anayetaka kuchukua sheria zake kwa wadudu hana ruhusa ya kumchagua nyuki na kumficha nyigu. Wako nyigu wapweke waitwao Ichneumonidae, ambao wengi wao hutaga mayai ndani ya miili ya viwavi hai, na mabuu yao huwala viwavi hao kutoka ndani. Mwaka 1860 Charles Darwin, akimwandikia rafiki yake Asa Gray wa Marekani, aliwataja nyigu hao kuwa ni moja ya mambo yaliyomfanya ashindwe kuuona wema wa Muumba katika kila kitu. Hatuna haja ya kumtukana kwa kusema hivyo. Alikuwa na haki ya kutoridhika na mahubiri yanayomwonyesha mtu asali tu na kumfunika macho asione mwiba. Lakini yatupasa tuone na jambo jingine: huzuni ile ya Darwin haikutoka kwa nyigu. Nyigu hamhurumii kiwavi. Aliyemhurumia kiwavi ni mwanadamu, ambaye hana damu moja naye, wala manufaa kwake, wala harufu ya kiota kimoja. Huruma hiyo iliyovuka milango yote ni ushahidi kwamba ndani ya mwanadamu mmewekwa kipimo kisichotoka kiotani. Aliyelalamika juu ya ukatili wa maumbile alilalamika kwa kutumia kipimo hicho.

Jamaa isigeuke kuwa kiota

Sasa twaweza kumjibu yule aliyeuliza kama udugu usio wa damu ni udugu hasa. Ndiyo, ni udugu hasa, na ndio udugu ulio wa mwanadamu kwa haki yake. Ule wa damu tumepewa pamoja na nyigu. Ule unaovuka damu hatukuzaliwa nao umekwisha kamilika. Hutakiwa kujengwa kila siku, kwa kutafuna na kupaka, utando juu ya utando, kama karatasi yenyewe.

Lakini mambo mawili yaangaliwe.

Kwanza, aliyeongoka asidhani kwamba udugu mpya umempa ruhusa ya kuutupa ule wa kale. Mama yake akimpokea kwa uso uliokunjwa, na aendelee kumpelekea unga na kumuuguza anapougua. Hatua ya kwanza ya ujamaa wote duniani ilikuwa ni kubaki karibu na mama. Haiwi kwamba hatua ya mwisho iwe ni kumwacha. Upendo uliokua hupanua mlango wa nyumba, haubomoi nyumba ili upate nafasi.

Pili, na hili ni la waumini wote, jamaa ya dini nayo yaweza kugeuka kuwa kiota. Si vigumu. Huanza kwa watu kufahamiana kwa salamu zao, mavazi yao na namna yao ya kusema. Hayo yenyewe si mabaya. Kila nyumba ina harufu yake. Ubaya huingia pale harufu inapokuwa ndiyo hukumu: anayesema kama sisi hupewa mkopo bila kuulizwa tabia yake, na asiyesema kama sisi hunyimwa maji ingawa mwenendo wake ni safi. Jamaa ya namna hiyo itajiita udugu wa imani, na kumbe imerudi palepale penye udugu wa nyigu, tena pasipo udhuru wa nyigu.

Basi kila jamaa na ijipime kwa watu watatu. Wa kwanza ni jirani asiye wa dini yetu: akifiwa, je, twaenda kuchimba kaburi pamoja na wenziwe, au twatuma salamu? Wa pili ni yule mgeni aliyejiunga jana, ambaye bado hajajua desturi: je, hukaa pembeni peke yake baada ya sala, au yuko amwitaye nyumbani kwake kula? Wa tatu ni yule aliyetuacha akaenda zake: tukikutana naye njiani, je, twamsalimu kwa jina lake, au twampita kana kwamba hatukupata kula naye sahani moja? Mtu huyu wa tatu ndiye kipimo kikali kuliko vyote, kwa kuwa hana tena harufu yetu na hana faida kwetu. Tumpacho yeye ndicho kiasi halisi cha udugu wetu. Vingine vyote twaweza kuwa tumevitoa kwa hesabu.

Nyigu amefanya safari ndefu, kutoka kwenye chungu cha udongo cha mama aliyekufa asimwone mwanawe, mpaka kwenye miji ya karatasi katika misitu ya mabara yote ya joto. Kila alikofika alikwenda na mlango wake na mlinzi wake, wala hatuna haki ya kumlaumu, maana hakuamrishwa zaidi ya hapo. Sisi tumeamrishwa. Mwenyezi Mungu atusaidie tuwe watu ambao mgeni akibisha hodi huulizwa kwanza kama amekula.